Sababu za Gervas Mughwai

Gervas Mughwai alikuwa na sababu ya kila kitu, na sababu zake zote zilikuwa watu wengine. Ukimuuliza mbona siku hizi haonekani mnadani, anakwambia mnada umejaa wezi. Mbona haendi tena Singida mjini? Madereva wa mabasi ni wahuni waliokabidhiwa usukani. Kanisani alizoea kukaa benchi la pili kutoka mbele, pamoja na wazee wenzake, na sasa anakaa la mwisho kabisa, mguu mmoja ndani na mmoja mlangoni. Hapo sababu ilikuwa kwaya.

"Wale hawaimbi, wanaomboleza," alisema. "Mwenye masikio yake timamu hawezi kukaa karibu nao."

Watu wa Mkiwa walicheka, maana mdomo wa Gervas ulikuwa burudani ya njia panda. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua la saa saba, na kibanda cha mabati pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Manyoni. Alinunua kuku wa kienyeji kwa akina mama wa vijijini na kuwauza kwa wachuuzi wanaowasafirisha Dodoma na Dar es Salaam. Kuku wa kisasa aliwadharau, na wanaowala akawadharau zaidi. Aliwadharau wakulima wa alizeti kwa kushinda wanatazama mawingu. Warina asali wa Itigi aliona wanajisifu bure, kazi yote ni ya nyuki. Bwana mifugo akapachikwa naye jina la Makaratasi. Watu waliyavumilia hayo yote kwa sababu kwenye kuku hakuna aliyemfikia. Alimwinua kuku mara moja, akampapasa kidari, akamtazama jicho, akakwambia amebakiza siku ngapi.

Dharau yake iliyonona kuliko zote ilikuwa ya Philipo, fundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara. Philipo alikuwemo kwenye lori la mahindi lililopinduka, akatoka bila mchubuko wa maana, na tangu hapo akawa anaogopa kupanda gari. Kibaya zaidi, hakuificha. Mtu akimuuliza, alijibu bila haya kwamba ana hofu, kwamba anakwenda zahanati kuzungumza na nesi kuhusu hofu hiyo, na kwamba inapungua kidogo kidogo. Gervas aliposikia hayo nusura aanguke na kiti chake. Mwanaume mwenye ndevu, anakwenda kumwambia mtoto wa kike kwamba anaogopa! Kuanzia siku hiyo akamwita Kifaranga, kwa sauti, kuvuka barabara, mbele za wateja.

"Kifaranga! Kuna lori linakuja, jifiche!"

Philipo aliinamia mnyororo wa baiskeli iliyokuwa mbele yake na kuendelea na kazi.

Sasa tuseme wazi, kwa sababu kumzungukia Gervas ni kumpa heshima asiyostahili. Mzee huyu alikuwa mwoga. Mnadani hakukuwa na wezi kuliko zamani, madereva walikuwa walewale, na kwaya, ingawa kweli haikuwa nzuri, ilikuwa mbaya hivyohivyo tangu siku aliyofungia ndoa.

Hofu ilimwanza mwaka jana, mwezi wa saba, mchana kweupe, katikati ya mnada. Alikuwa ameshika jogoo, anabishana na mama mmoja, watu wamebanana pande zote, mara moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu yoyote. Hewa ikawa haitoshi. Vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, na akili yake ikawa inamwambia jambo moja tu: unakufa, hapa hapa, mbele ya watu. Alijikuta nyuma ya lori amepiga magoti, jogoo bado yuko kwapani anamshangaa. Robo saa ikapita na hakufa. Mtu mmoja akamuuliza kulikoni.

"Natafuta kivuli," Gervas akasema, akajipukuta vumbi magotini na kuondoka.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Gervas aliamua ni gesi. Nyumbani akapiga marufuku maharage, na mkewe, Magdalena, akapika mlenda mwezi mzima. Moyo ukamwenda mbio tena, safari hii ndani ya basi, akashuka njiani akidai dereva amelewa. Ndipo akahamia kwenye dawa anayoiamini kuliko zote: maji ya shubiri na pilipili kichaa, yale anayowanywesha kuku ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini. Kuku hupewa matone. Yeye alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, akashinda chooni siku mbili, na moyo haukutulia hata chembe.

Mwishowe akaenda zahanati, lakini alikwenda kwa presha, ugonjwa wa watu wazima wenye majukumu. Nesi akampima mara mbili. Presha ilikuwa ya kijana. Akaiweka mashine pembeni, akamuuliza kama anaamka kabla ya jogoo, moyo unakimbia, anawaza mabaya ambayo hayajatokea. Kama meno yanamuuma kwa kuyakaza. Kama siku hizi anakasirika upesi. Kama kuna mahali alizoea kwenda zamani na sasa anapakwepa.

Majibu yalikuwa ndiyo, yote. Gervas alisimama akavaa kofia yake.

"Binti, nimekuja kupimwa presha. Sikuja kuungama."

Akatoka, na njia nzima akawa anamdharau: umri wake, viatu vyake vya raba, na chuo kilichompa cheti.

Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo pale binti yake wa pekee, Jenipher, alipopata mchumba. Jenipher alikuwa fundi cherehani Manyoni, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikapangwa huko huko, Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi umeshapatikana. Kwenye sendofu baba ana kazi moja isiyokwepeka. Anasimama mbele, anapewa maiki, anawatambulisha ndugu wa bibi harusi mmoja mmoja: huyu mdogo wangu, huyu shangazi yake, huyu mjomba. Kila anayetajwa anasimama na kupunga mkono. Ukimruka mtu mmoja utasikia habari yake kwenye misiba ya miaka kumi ijayo. Asiposimama baba, anasimama baba mdogo, na hapo watu wanaelewa kwamba baba amekufa au hana maana.

Ukumbi uliojaa, mlango mmoja, spika kubwa, na macho yote kwako. Gervas alianza kuudharau ukumbi ule kabla hajauona.

Jumatatu Jenipher alikuja Mkiwa mwenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na gari la mhuni gani?"

"Baba, nimekuja kwa jambo moja. Jumamosi utasimama?"

"Mimi siwezi kukaa namsikiliza mshereheshaji anabweka kwenye spika. Zamani mtoto aliagwa nyumbani kwao, watu wakala, wakaondoka. Ninyi mmeleta mambo ya sinema."

"Siku ya posa ulikaa uani peke yako. Ukasema sebuleni kuna moshi. Wageni wakaniuliza kama baba hamtaki mkwe wake, nikawaambia una mafua."

"Moshi ulikuwepo."

"Haukuwepo, baba." Jenipher hakupandisha sauti. Alikuwa ameshachoka kupandisha sauti. "Kama husimami, baba mdogo Peniel atasimama, nimwambie mapema ajiandae. Nataka neno moja tu, kabla ya Ijumaa."

Alipoondoka, Gervas alimwambia Magdalena kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Magdalena alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta.

Hapa Gervas lazima apewe haki yake, hata kama inauma kumpa: alitaka kusimama. Alikitaka kitu hicho kuliko kingine chochote kilichobaki maishani mwake. Tangu Jenipher yuko darasa la saba alikuwa ameshayapanga majina ya ndugu kichwani, kuanzia wale wa Kilimatinde hadi wa Mwankoko, nani atangulie na nani afuate ili asiwepo wa kununa. Sasa kila alipoyatamka bandani peke yake, akifika jina la tatu anakwama, na anakimbilia kuwatukana wapishi wa sherehe ambayo bado haijapikwa.

Jumatano akaja Idrissa, mchuuzi wa makamo kutoka Dodoma, mgeni kwenye biashara ya kuku. Gervas alifungua tenga, Idrissa akachagua, na Gervas akamwacha achague huku akimcheka kimoyomoyo. Idrissa alipomshika tetea mmoja mweusi, Gervas akampokonya.

"Huyu usimchukue. Hafiki."

"Mbona mzima, mzee? Kidari kimejaa, macho yanang'aa."

"Macho yanang'aa! Ninyi watu wa Dodoma mnanunua kuku kama mnanunua kitenge. Weka mkono hapa, chini ya bawa. Unausikia moyo? Yuko kivulini lakini anahema mdomo wazi. Tangu asubuhi hajadonoa punje. Hakai na wenzake, anajisukuma kuelekea mlangoni tu, na akiguswa kidogo anadonoa mtu. Huyu hana ugonjwa hata mmoja. Ni hofu. Kichwani mwake ameshasafiri mpaka Dodoma na ameshakufa huko, na gari lenyewe halijafika."

Idrissa alishangaa kweli. "Kumbe. Na mwenyewe hajui kwamba ni hofu?"

"Atajuaje? Yeye anadhani wenzake ndio wanaombana."

Maneno yakamtoka, na Gervas akayasikia. Mkono wake mmoja ulikuwa bado chini ya bawa. Ule mwingine ukaenda wenyewe kifuani pake, juu ya shati, ukakaa hapo. Amesimama kivulini, asubuhi, hafanyi kazi yoyote nzito, na moyo unakimbia. Meno yamekazana. Tangu jana hajamaliza sahani. Akaliona benchi la mwisho kanisani, akauona ua alikojificha siku ya posa. Akaona pia wote aliowadonoa, nesi, Magdalena, mtoto wake mwenyewe, na Philipo pale ng'ambo, mwaka mzima. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Mzee, unauza au huuzi?" Idrissa akauliza.

"Chukua wengine," Gervas akasema. "Huyu muache."

Dharau yote aliyokuwa ameigawa njia panda nzima ikamrudia kwa mkupuo, naye akaanza kujidharau kwa bidii ile ile aliyowadharau wengine. Mchana kutwa alikaa kibandani akijiita majina. Hata hapo alikuwa anajidanganya, maana mtu anaweza kujitukana hadi jioni na bado asiwe amefanya kitu. Kuvuka barabara kulimchukua mpaka Alhamisi.

"Shikamoo mzee," Philipo akasema bila kunyanyua kichwa.

"Marahaba. Kazi zinaendaje?"

"Huna baiskeli, mzee Gervas."

Gervas akatazama magurudumu yaliyoning'inia ukutani, akayatazama kama anayanunua. "Hivi wewe, siku hizi ukipanda gari, huwa unafanyaje?"

Philipo akaweka spana chini. Alikuwa na haki ya kucheka, na barabara nzima ingemuunga mkono. Hakucheka, lakini pia hakumrahisishia.

"Nani anauliza? Maana Kifaranga hana ushauri wa kuwapa majogoo."

"Anauliza mtu mwoga," Gervas akasema, na kulisema neno hilo kulimuuma kama kung'oa jino.

Philipo akamsogezea kigoda. Akamtazama muda, kisha akazungumza kama anavyoelekeza namna ya kuziba pancha. "Mimi ikija naitaja jina. Najiambia hii ni hofu, itapanda, halafu itashuka yenyewe, haijaniua bado. Natoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninayovuta. Na namwambia mtu aliye karibu nami. Hilo ndilo gumu kuliko yote, lakini ukiificha inakutafuna zaidi. Na urudi kwa yule nesi. Mimi nilikwenda mara sita."

"Itaisha kufikia Jumamosi?"

"Wapi! Jumamosi utakwenda nayo."

Jioni ile ile Gervas akampigia binti yake simu. Alikuwa ameyapanga maneno, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakuwamo mtu mwingine wa kulaumiwa ndani yake.

"Jeni, lile la mshereheshaji halikuwa kweli. Na moshi haukuwepo. Mimi ninaogopa. Nikikaa kwenye watu wengi moyo unakimbia, naona kama nakufa. Ni ugonjwa wa hofu. Mwaka mzima nimekuwa nao."

Simuni ikasikika cherehani ya mtu mwingine ikilia.

"Unaogopa," Jenipher akasema. "Wewe."

"Mimi."

"Baba, umemcheka Philipo mwaka mzima mbele za watu kwa maneno hayo hayo. Leo sababu zimekuishia ndiyo umekwenda kuazima ya kwake?"

"Jeni..."

"Baba mdogo atasimama. Usijisumbue kutafuta nyingine."

Simu ikakatwa. Gervas hakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa amedanganya kwa ustadi mkubwa, na mtoto aliyemlea mwenyewe alikuwa amejifunza kutomwamini kwa ustadi huo huo. Iliuma sana.

Jumamosi alivaa koti, akapanda basi pamoja na Magdalena, akakaa siti ya mlangoni. Basi lilipoanza kuondoka, akamvuta kondakta shati.

"Kijana, mimi naogopa gari. Nikizidiwa nitakwambia usimamishe."

"Kaa tu mzee," kondakta akasema. "Hata mimi huyu dereva namwogopa."

Alizidiwa mara mbili. Mara zote mbili Magdalena alimshika mkono, naye Gervas akatoa pumzi kama alivyoelekezwa, na basi halikusimama.

Ukumbi ulikuwa vilevile alivyouogopa: umejaa, mlango mmoja, spika mbili ndefu kuliko mtu. Alikaa kiti cha mwisho. Jenipher alikuwa mbele kwenye gauni la kijani, na alipomwona baba yake mlangoni akageuza uso. Mshereheshaji akapaaza sauti kwamba sasa anamwita mzazi wa bibi harusi au mwakilishi wake, na Peniel, aliyekuwa meza ya mbele, akasimama akifunga kifungo cha koti.

"Kaa, Peniel," Gervas akasema kutoka nyuma. "Nipo."

Alitembea katikati ya meza, akapokea maiki. Ilitetemeka mkononi mwake kiasi kwamba ukumbi mzima ulisikia inagonga pete yake. Pumzi zake zikatoka kwenye spika kama za mtu anayepanda mlima. Akamtaja Peniel, akamtaja mjomba, akafika jina la tatu. Jasho likamshuka usoni, akamwangalia dada yake Sara, na jina lililomtoka likawa la mama yao, aliyezikwa miaka tisa iliyopita.

Sauti ya mwanaume mmoja ikatoka pembeni: "Mzee kalewa!"

Kicheko kikaanza huko pembeni, kikasogea meza kwa meza. Mshereheshaji, mjinga kweli kweli, akadakia kwamba baba mzazi ameanza sherehe mapema. Peniel akainamisha kichwa. Kwenye ncha ya ulimi Gervas alikuwa na tusi la kumjibu mshereheshaji, zuri, la kuuangusha ukumbi wote kwa kicheko, na baada yake angeweza kutoka nje amenyoosha shingo na hakuna ambaye angejua. Mlango ulikuwa wazi. Alilimeza tusi lile. Alisimama hapo hapo, anatetemeka, anahema, watu wanamcheka, na akajaribu tena kulipata jina la dada yake na halikuja.

Bibi harusi hasimami kabla hajaitwa. Jenipher alisimama. Alikuja mpaka alipokuwa baba yake, uso umekunjamana kwa hasira, akamsogelea karibu kama anayetaka kuinusa pumzi yake, kisha akamshika mkono ili amwondoe. Mkono ulikuwa wa baridi na umelowa chapachapa. Akaushika vizuri zaidi. Akamtazama, na hasira ikamtoka usoni, na macho yakamjaa machozi.

Akachukua maiki.

"Baba yangu hajalewa," akasema. "Baba yangu anaogopa, na amekuja."

Ukumbi ukatulia. Akamrudishia maiki, mkono wake hakuuachia, na Gervas akamgeukia tena dada yake, akasema, "Huyu ni Sara, shangazi yake," kisha akaendelea na waliobaki, mmoja mmoja.